Picha ya Kifua Haina Njeo: Kiswahili na Usomaji wa Dalili Fiche za Ugonjwa

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Hawakunena kwamba kila wingu ni mvua, wala hawakueleza wingu liwe zito kiasi gani ndipo mkulima aanue mahindi yake uani. Katika pengo hilo ndimo anamofanyia kazi daktari anayesoma picha ya eksirei ya kifua. Ugonjwa ukishakomaa, kazi yake huwa nyepesi. Hata mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza atatambua kifua kilichojaa maji hadi nusu. Ugumu huanza pale dalili inapokuwa hafifu: weupe kidogo nyuma ya mtulinga, mpaka wa moyo uliofifia upande mmoja, pembe ya chini ya pafu isiyochongoka kama mwenziwe wa upande wa pili.

Makala haya hayakusudii kuwafundisha wanafunzi wa Kiswahili udaktari. Yanadai kwamba pengo kubwa katika Kiswahili cha tiba haliko katika majina ya magonjwa na viungo. Liko katika mapatano kuhusu namna ya kusema mahali, wakati na kiwango cha yakini. Aidha, yanadai kwamba zana za kusemea mambo hayo zimo tayari katika sarufi inayofundishwa kila muhula, na kwamba anayeumia zinapoachwa bila kutumiwa ni mgonjwa.

Mjadala wa Kiswahili na sayansi umekuwa kwa muda mrefu mjadala wa nomino. Baraza la Kiswahili la Tanzania lilipoundwa mwaka wa 1967, mojawapo ya kazi zake ikawa kusanifu istilahi, na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu vilisheheni safu mbili: neno la Kiingereza huku, la Kiswahili kule. Kazi hiyo ni ya kuheshimiwa. Nchini Kenya, tangu Katiba ya 2010 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza katika kifungu cha 7, makongamano yamerudia wito ule ule: istilahi, istilahi, istilahi. Lakini ripoti ya daktari si orodha ya majina. Ni matini yenye sentensi, na sentensi zina vitenzi, vielezi, vihusishi na hali ya ukanushi. Mtu anaweza kuijua kamusi nzima ya tiba na bado ashindwe kumweleza mgonjwa kilichoonekana katika picha yake.

Picha yenyewe ilianza kwa kutojua. Wilhelm Conrad Röntgen alipogundua miale hii katika mji wa Würzburg, Ujerumani, mnamo Novemba 1895, aliita X kwa desturi ya wanahisabati, ambao huipa herufi hiyo kiasi wasichokijua. Kiswahili kililikopa jina likawa eksirei. Waundaji wa istilahi nao wakapendekeza uyoka, neno zuri ambalo halikupata wasemaji wengi nje ya kamusi. Jina la asili, kwa hiyo, ni ungamo la shaka, na shaka hiyo haijawahi kuiacha fani hii hata baada ya miaka zaidi ya 120.

Miale hupenya kifua na kuangukia filamu au, siku hizi, kigunduzi cha kidijitali. Inapopita katika hewa haizuiliwi, na sehemu hiyo ya picha huwa nyeusi. Mafuta huizuia kidogo; maji, damu na nyama huizuia zaidi, na huonekana kwa rangi ya kijivu; mifupa huwa myeupe, na metali ni nyeupe kupindukia. Rangi za picha ya kifua ni hizo tu. Si ajabu basi kwamba usaha, damu, maji na uvimbe wa saratani vyote vinaweza kuonekana kwa ukijivu ule ule. Msomaji aangalie pia kinaya kidogo cha lugha hapa: kile ambacho madaktari hukiita kivuli katika pafu ni cheupe. Mgonjwa anayeambiwa kwamba pafu lake lina kivuli huitazama picha akitafuta weusi, akauona umejaa pande zote mbili, akaondoka na hofu isiyo na msingi. Weusi ule ndio uzima wake, yaani hewa.

Kwa kuwa rangi ni chache, maana hutokana na tofauti. Mwanafunzi yeyote aliyemsoma Ferdinand de Saussure anaifahamu hoja hii: katika lugha, kipashio hupata thamani yake kwa kutofautiana na vingine. Sauti /p/ na /b/ zina thamani katika Kiswahili kwa sababu pata si bata. Katika picha ya kifua, ukingo wa moyo huonekana kwa sababu moyo una damu na pafu lililo kando yake lina hewa. Hewa hiyo ikiondolewa na nafasi yake ikajazwa usaha wa nimonia, tofauti hutoweka na ukingo hufutika, kama vile pata na bata zingetamkwa kwa sauti moja. Daktari Mmarekani Benjamin Felson aliijengea kanuni hiyo hoja madhubuti katika makala ya mwaka wa 1950. Ukingo wa kulia wa moyo ukifutika, ugonjwa umo katika sehemu ya kati ya pafu la kulia. Wa kushoto ukifutika, umo katika ulimi mdogo wa sehemu ya juu ya pafu la kushoto. Ikiwa moyo unaonekana sawasawa lakini mstari wa kiwambo, msuli utenganishao kifua na tumbo, ndio uliofutika, basi ugonjwa uko sehemu ya chini.

Jambo la kuvutia ni kwamba hapa kinachosomwa ni kutokuwapo. Hakuna doa la kunyoshea kidole. Kuna mstari uliopaswa kuwapo na haupo. Wanaisimu wanalo jina la kitu cha namna hiyo: mofimu kapa. Katika neno kalamu hakuna kiambishi cha umoja kinachoonekana, na bado msemaji anaujua umoja huo kwa sababu anaujua mfumo mzima. Asiyeujua mfumo hawezi kuona pengo. Ndiyo maana mgeni akitazama picha yenye ukingo uliofutika huiona safi kabisa. Hajui kilichopaswa kuwapo. Lisilokuwapo moyoni, halipo machoni: methali hii, ambayo kwa kawaida hutumiwa kuhusu mapenzi, inaweza kubandikwa juu ya kila skrini ya kusomea picha.

Kinyume chake pia hutokea. Vijia vidogo vya hewa ndani ya pafu havionekani katika picha ya mtu mzima wa afya, kwa kuwa ni hewa ndani ya hewa. Pafu likijaa usaha au maji, vijia hivyo hujitokeza kama matawi meusi ya mti usio na majani. Kitu ambacho hakijabadilika chenyewe kimeonekana kwa sababu jirani yake amebadilika.

Zipo pembe za kifua ambamo dalili hujificha kwa desturi, na wasomaji wazoefu huzirudia kwa makusudi kabla ya kuondoka: ncha za juu za mapafu zinazofunikwa na mitulinga na mbavu za kwanza, eneo lililo nyuma ya moyo, mahali mishipa mikuu inapoingilia pafuni, na sehemu ya pafu inayoshuka nyuma ya kiwambo. Kifua kikuu cha kawaida cha watu wazima hupenda sehemu za juu, yaani pale pale penye mifupa ya kukificha. Kipo pia kifua kikuu kinachosambaa kwa njia ya damu na kujaza mapafu yote mawili kwa vipele vya milimita 1 hadi 3. Kilatini kilikipa jina kutokana na punje za nafaka ndogo jamii ya ulezi, na anayejua wimbi uliotawanywa juu ya kitambaa cheusi anaijua taswira hiyo bila kufundishwa. Hatari yake ni usawa wake. Jicho hutafuta kisicholingana na vingine, na punje hizi zinalingana kila mahali, hivi kwamba katika siku za mwanzo msomaji huweza kudhani picha imepigwa vibaya tu.

Maji nayo yana hila zake. Mtu akisimama, maji yaliyokusanyika kati ya pafu na ukuta wa kifua hushukia pembe ya chini. Katika picha ya kawaida inayopigwa kutoka mgongoni, yanahitajika takribani mililita 200 kabla pembe hiyo haijapoteza ncha yake. Hicho ni kikombe kizima cha chai. Picha ya ubavuni huweza kuonyesha takribani robo ya kiasi hicho, kwa sababu pembe ya nyuma iko chini zaidi. Kwa hiyo ripoti inayosema kwamba hakuna maji, ikitokana na picha moja ya mgongoni, imesema zaidi ya ilivyoona.

Suala la maji linafaa kukaziwa kwa sababu hapa ndipo sarufi inapoingia moja kwa moja. Katika vituo vingi vya afya mgonjwa huambiwa ana maji kwenye mapafu. Kauli hiyo hubeba hali mbili zisizo na undugu wa karibu. Ya kwanza ni maji yaliyozingira pafu, nje yake, kati ya tabaka mbili za utando. Kifua kikuu ni mojawapo ya sababu zake, na daktari huweza kuyavuta kwa sindano ili kuyapima au kumpunguzia mgonjwa dhiki. Ya pili ni maji yaliyomo ndani ya pafu lenyewe, aghalabu kwa sababu moyo umedhoofika. Picha yake ni nyingine kabisa, na mojawapo ya dalili zake fiche ni mistari myembamba ya mlalo yenye urefu wa sentimita 1 hadi 2 pembezoni mwa sehemu ya chini ya pafu. Maji haya hayavutwi kwa sindano. Hutibiwa kwa dawa za kuyapunguza mwilini na kuusaidia moyo. Mgonjwa wa moyo aliyeambiwa ana maji kwenye mapafu, na ambaye jirani yake aliambiwa hivyo hivyo kisha akavutwa maji, atakaa nyumbani akiikimbia sindano ambayo hakuna aliyekusudia kumdunga.

Sasa, ni lugha gani inayofundisha tofauti ya ndani na kando mapema kuliko Kiswahili? Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu. Pa- huelekeza mahali mahususi, ku- mahali pasipodhihirika, na mu- ndani. Pafuni mna maji. Kando ya pafu pana maji. Kifuani kuna maji, ila picha haikuonyesha ni wapi hasa. Sentensi hizo tatu ni ripoti tatu tofauti, na kila moja inampeleka mgonjwa mahali tofauti. Kiingereza hulazimika kuunda istilahi ndefu za Kigiriki na Kilatini kufanya kazi ambayo hapa inafanywa na irabu na konsonanti moja. Na bado, katika mitihani ya vyuo, mwanafunzi huulizwa kuainisha ngeli ya mahali na kutoa mifano, akatoa ile ile ya nyumbani mna watu, akapata alama zake, na mambo yakaishia hapo.

Wakati ndio tatizo la pili. Picha ya kifua haina njeo. Inaonyesha kovu na kidonda kwa rangi moja, bila -li- wala -na-. Mtu aliyepona kifua kikuu miaka 20 iliyopita anaweza kubaki na nyuzi nyeupe katika sehemu ya juu ya pafu, punje za chokaa, na pafu lililovutwa juu kidogo. Mwingine mwenye ugonjwa hai anaweza kuwa na weupe unaofanana na huo. Zipo dalili zinazoegemea upande mmoja: tundu lenye ukuta mnene na weupe wenye kingo za ukungu huegemea ugonjwa unaoendelea, chokaa na kingo kali huegemea zamani. Zinaegemea tu. Kinachotoa njeo ni picha ya pili. Weupe usiobadilika kati ya picha ya miaka miwili iliyopita na ya leo una historia. Weupe ambao haukuwapo mwaka jana ni habari mpya. Ndiyo maana msomaji mzuri wa picha, kabla ya kusema lolote, huulizia picha ya zamani, na ndiyo maana mgonjwa aliyetupa bahasha yake kubwa ya kahawia wakati wa kuhama nyumba ametupa nusu ya ushahidi.

Hapa pia Kiswahili kina ukwasi usiotumika. Kiambishi -me- hueleza hali iliyotimia na ambayo matokeo yake bado yapo: pafu limejikunja. Hakisemi lilijikunja lini. Hiyo ndiyo hasa hali ya kile ambacho picha moja inaweza kushuhudia. Mwenye kuandika kwamba pafu linajikunja, au kwamba lilijikunja, amedai ushahidi wa picha mbili. Tofauti kati ya -me-, -na- na -li- hufundishwa kana kwamba ni suala la wakati tu, ilhali katika matini ya aina hii ni suala la kile ambacho msemaji ana haki ya kukidai.

Wapenzi wa fasihi wataona kishawishi cha kulinganisha usomaji huu na usomaji wa shairi, na ulinganisho huo una ladha yake: ishara, muktadha, kilichoachwa bila kusemwa. Hata hivyo unapaswa kutiliwa mpaka. Utata katika shairi ni utajiri, na mhakiki husifiwa kwa kuongeza maana ya nne juu ya tatu zilizokuwapo. Utata katika picha ya kifua ni deni. Hutajwa ili ulipwe, kwa kipimo cha makohozi, kwa picha ya ubavuni, au kwa kurudi baada ya wiki kadhaa.

Kwamba utata upo haina ubishi, na wenye fani wenyewe ndio waliouthibitisha. Mwaka wa 1947 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi uliokusudiwa kuonyesha ni filamu ya ukubwa gani iliyofaa zaidi kwa kusaka kifua kikuu katika umma. Wakagundua kwamba tofauti kati ya filamu na filamu ilikuwa ndogo kuliko tofauti kati ya msomaji na msomaji. Isitoshe, msomaji yule yule akipewa picha zile zile mara ya pili hakukubaliana na nafsi yake kila mara. Miaka miwili baadaye Henry Garland, daktari wa picha wa San Francisco, alikusanya matokeo ya namna hiyo na kuonyesha kwamba wasomaji stadi walikosa takribani 30% ya picha zilizokuwa na dalili. Wenzake hawakufurahi. Baadaye, katika miaka ya 1970, Harold Kundel na Calvin Nodine walifuatilia mwendo wa macho ya wasomaji waliokuwa wakitafuta uvimbe mdogo mapafuni. Ilibainika kwamba mara nyingi uvimbe ambao haukutajwa ulikuwa umetazamwa. Jicho lilitua juu yake, likakaa, kisha akili ikaamua kwamba si kitu.

Hilo la mwisho lina uzito kwa wanalugha. Kosa la kutoona hutibiwa kwa mwanga bora na kwa mazoea ya kupitia pembe zote. Kosa la kuona na kuamua vibaya lina sababu nyingi, lakini mojawapo huenda ni uchache wa maneno. Anayeandika katika lugha ambamo kuna ugonjwa au hakuna, atalazimika kulitia doa hafifu katika chumba kimoja kati ya hivyo viwili. Akipewa chumba cha tatu kinachotambuliwa na wote, ataliweka humo, na daktari wa wodini atajua la kufanya.

Je, vyumba hivyo vipo katika Kiswahili? Vipo tele. Bila shaka, yaelekea, yamkini, huenda, pengine, labda, haielekei. Tatizo ni kwamba hazijapangwa. Muulize mwanafunzi wa shahada ya kwanza kati ya huenda na yamkini ni lipi lenye yakini zaidi, na majibu ya darasa zima yatagongana. Kiingereza cha hospitali, ni haki kusema, hakiko salama pia. Madaktari wenyewe wamelalamika kwamba neno linalomaanisha karibu hakika kwa mmoja humaanisha nusu kwa nusu kwa mwingine. Tofauti ni kwamba wao wamekwisha kulitambua tatizo, na baadhi ya idara zao zimepanga maneno kwa daraja na kuyaambatisha na viwango.

Kuna pia ukanushi. Hakuna ugonjwa ni kauli kuhusu mapafu. Ugonjwa haukuonekana ni kauli kuhusu picha. Umbali kati ya sentensi hizo mbili unaweza kupimwa kwa maisha ya watu. Mgonjwa mwenye virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka sana anaweza kuwa na kifua kikuu huku picha yake ikionekana ya kawaida, kwa kuwa matundu na weupe mwingi wa sehemu za juu ni matokeo ya kinga inayopigana, na kinga hiyo haipo. Kwa upande mwingine, picha huona mengi ambayo mgonjwa hayasemi. Katika uchunguzi wa kitaifa wa kifua kikuu uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 na 2016, watu 63,050 walishiriki na wagonjwa 305 wakathibitishwa kwa vipimo vya maabara. Takribani nusu yao wasingegunduliwa kama wangeulizwa tu iwapo wamekohoa kwa zaidi ya wiki 2. Ni picha iliyowaonyesha wengi wao mlango wa maabara. Chombo kimoja, basi, kinaweza kumwokoa asiyekohoa na kumpotosha anayekohoa, na kinachoamua ni lipi litakalotokea ni pamoja na sentensi inayoandikwa chini yake.

Sentensi hiyo leo huandikwa kwa Kiingereza, ikafungwa katika bahasha, na kufasiriwa koridoni na tabibu mwenye foleni ndefu nyuma ya mlango. Ukurasa mzima hugeuka maneno matatu: Mama, uko sawa. Mama hurudi nyumbani, kikohozi kinaendelea, na kwa kuwa alikwisha kuambiwa yuko sawa na watu wenye mashine, haoni sababu ya kukopa nauli ya pili. Hakuna aliyemdanganya. Ripoti ilisema kwamba dalili hazikuonekana na kwamba kipimo cha makohozi kingefaa. Katika kufasiriwa, haukuonekana ukawa hakuna, na kingefaa kikapotea njiani.

Wapo watakaopinga kwamba mgonjwa hahitaji mashaka ya daktari, anahitaji jibu. Pingamizi hili lina chembe ya ukweli, kwani hakuna anayetaka kulala na neno huenda kichwani. Lakini mkulima anayeanua mahindi yake kwa sababu ya wingu moja hajapewa jibu. Amepewa dalili na anajua la kufanya nayo. Pingamizi la pili husema kwamba Kiswahili kitairefusha ripoti. Hili linaweza kujaribiwa. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, ripoti isemayo: Weupe hafifu unaonekana sehemu ya juu ya pafu la kulia, nyuma ya mtulinga. Yaelekea ni kovu la zamani, ila picha ya awali haikupatikana ili zilinganishwe. Ugonjwa ulio hai haujaondolewa shaka. Makohozi yapimwe. Kando ya mapafu hapakuonekana maji. Maneno hayo hayafiki 40. Hakuna hata istilahi moja iliyoundwa kwa ajili yake, na bibi wa Mwea au wa Malindi akisomewa ataelewa kwamba kazi haijaisha.

Haja hii inazidi kuwa ya dharura kwa sababu msomaji mpya ameingia chumbani. Mnamo Machi 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu za kompyuta zitumiwe kusoma picha za kifua katika kusaka kifua kikuu kwa watu wa umri wa miaka 15 na zaidi. Programu hizo hazisemi ndiyo wala la. Hutoa alama, nyingine kati ya 0 na 100, na wanaozitumia ndio wanaochagua ni alama ipi iwe kizingiti cha kumpeleka mtu kupimwa makohozi. Kizingiti chaweza kuwa kimoja huku na kingine kule. Mashine imekuja na shaka yake ikiwa imehesabiwa. Mhudumu wa afya aliyesimama kijijini na mashine ya kubebeka, mbele ya mvuvi aliyepata alama ya 62, anahitaji neno la Kiswahili la 62, na neno hilo lisiwe lile lile alilompa mwenye 91.

Kulipata neno hilo hakuhitaji baraza jipya wala kongamano la siku tatu hotelini. Maneno saba au manane ya yakini yapangwe kwa daraja. Yajaribiwe kwa wagonjwa na wahudumu wa hospitali moja ya kaunti, waulizwe kila neno linawafanya wafikirie nini na wafanye nini. Yarekebishwe, kisha yajaribiwe pwani na bara, kwa kuwa yamkini ya Lamu huenda isiwe yamkini ya Kitale. Hiyo ni kazi ya tasnifu moja ya uzamili. Idara zinazopokea kila mwaka tasnifu kadhaa kuhusu maudhui ya riwaya zile zile hazitapungukiwa zikipokea moja kuhusu neno yaelekea.